Lupita Nyong'o: tuziangalie kazi zake zote, tusiishie kwenye hotuba ya Oscar

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila jina la Lupita likitajwa jukwaani, mazungumzo hukimbilia usiku wa 2 Machi 2014, aliposhinda Oscar. Gauni la buluu, sanamu mkononi, na ile kauli kwamba popote ulipotoka, ndoto zako ni halali. Kisha unaanza ubishi wa uraia, mara Mkenya, mara Mmexico, mara Mmarekani, kurasa kumi, uzi unafungwa. Kazi zenyewe haziguswi.

Nimemfuatilia dada huyu kwa muda mrefu na nina hoja moja. Naiweka mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Akiwa mwigizaji, akiwa muongozaji, akiwa mwandishi, Lupita amekuwa akiirudia kazi ileile: kuyaweka hadharani yale ambayo mwanamke mweusi amefundishwa kuyaonea aibu katika mwili wake. Ngozi. Nywele. Mkono wa bosi. Maumivu ya kizazi. Oscar ilimpa kipaza sauti, ila kazi ilikuwa imekwisha kuanza, tena ilianzia Nairobi.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Hakufikisha hata mwaka mmoja, familia ikarudi Kenya. Akiwa na miaka 14 alipanda jukwaani na kundi la Phoenix Players la Nairobi akiwa Juliet. Baadaye akaenda Marekani kusoma filamu na maigizo katika chuo cha Hampshire, Massachusetts. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, alikuwamo kwenye kikosi cha nyuma ya kamera, wale vijana wa kukimbizana, lete hiki, peleka kile. Hapo ndipo alipozungumza na Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, akamwambia kwamba anautamani uigizaji. Jibu alilopewa amelisimulia mara nyingi: ingia tu kama huwezi kuishi bila kazi hii.

Sasa angalieni alichofanya. Kabla ya kwenda kutafuta nafasi ya kuonekana, alishika kamera mwenyewe.

Filamu yake ya hali halisi, In My Genes, ya mwaka 2009, inahusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Aliiongoza, akaitayarisha, akaihariri. Sisi wa Tanzania tunaikumbuka miaka hiyo kwa uchungu. Ndiyo miaka ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, mpaka Rais Kikwete akalikemea jambo hilo hadharani, na mwaka 2008 akamteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Wakati habari hizo zinatangazwa kila wiki, binti wa miaka ishirini na kitu anazunguka Kenya na kamera akiwauliza watu wale maisha yao yakoje: shule, ndoa, kazi, jua, macho ya watu barabarani.

Kilichonigusa ni hiki. Lupita mwenyewe amesema kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe. Alifika hadi kuweka ahadi, kwamba ataacha kudokoa vidonge vya sukari usiku kama Mungu atamkubalia. Asubuhi anakimbilia kioo, anaikuta ngozi ileile. Mtoto huyo amekua, na filamu ya kwanza kubwa anayoitengeneza inahusu watu waliozaliwa na ngozi isiyo na rangi kabisa, na jamii ileile inawatesa wao pia. Alikwenda kuonana na watu wa upande wa pili wa maombi yake. Ukishaliona hilo, kila alichokifanya baadaye unakisoma upya.

Mwaka huohuo wa 2009 alicheza pia katika Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi kuhusu vijana na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Alikuwa Ayira, msichana msomi mwenye tamaa ya maendeleo na mwenye kuchagua vibaya. Waliokuwa vyuoni enzi zile wanaikumbuka vizuri.

Kisha Yale, shule ya maigizo, hadi 2012. Na kabla hata hajamaliza vizuri, akapata nafasi ya Patsey, mtumwa wa shambani katika filamu iliyompa Oscar.

Wengi wanaikumbuka 12 Years a Slave kwa ile scene ya viboko, na ni kweli haiangaliki. Lakini turudi nyuma kidogo tuone viboko vilitoka wapi. Patsey ametembea hadi shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni. Anachuma pamba kuliko wanaume, bwana wake anamwingilia usiku, mke wa bwana anamchukia na kumnyima hata sabuni ya kuogea. Anarudi na kisabuni mkononi na kuwaambia kwamba alitaka kuwa safi tu. Lupita hakuyasema maneno yale kwa kuomba huruma. Aliyasema kama mtu aliyechoka kunuka, anayedai kitu chake. Mimi naamini Oscar ile ilitoka kwenye sabuni.

Nisiseme mengi kuhusu tuzo yenyewe, imeshasemwa. Nataka kusema yaliyofuata, maana ndipo watu wengi wanapopoteza njia.

Ukishinda Oscar kwa filamu yako kubwa ya kwanza, unatarajia milango ifunguke. Ameeleza kwamba alichokuwa akiletewa ni watumwa wengine: safari hii mtumwa wa melini. Alikataa. Ukiangalia orodha ya miaka ile unaiona hali ilivyokuwa. Non-Stop, ambamo anasema maneno machache ndani ya ndege. Halafu Star Wars akiwa Maz Kanata, kiumbe cha kompyuta. Halafu The Jungle Book, sauti ya mbwa mwitu. Jarida la People lilimtaja mrembo kuliko wote mwaka 2014, kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamfanya balozi wake, na bado Hollywood kwenye filamu kubwa ikaiweka sura hiyo nyuma ya katuni. Hilo lilistahili kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko lilivyoulizwa.

Yeye akaenda zake kwenye jukwaa la maigizo. Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira, ambaye amekulia Zimbabwe. Ni kambi ya waasi wakati wa vita vya Liberia, na ndani yake wamo wanawake waliotekwa na kufanywa wake wa kamanda. Wanaitana kwa namba: wa Kwanza, wa Tatu, wa Nne. Akiwa mwanafunzi Yale mwaka 2009, Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo huohuo, yule anayekariri maneno yote na kusubiri mwenzake augue, na mwenzake haugui. Alipofika kwenye kilele cha umaarufu angeweza kudai chochote. Alidai kile. Mwaka 2015 ukaonyeshwa katika Public Theater ya New York, mwaka 2016 ukaingia Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya jiji hilo, waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, muongozaji Liesl Tommy mwanamke mweusi kutoka Afrika Kusini. Broadway haikuwahi kuona hilo. Akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani. Hakuna mwanamume hata mmoja anayeonekana jukwaani. Kamanda anahisiwa tu, akitokea wanawake wanajipanga mstari. Nimeusoma mchezo ule, na bado namwona yule anayejipanga kwanza.

Tuje kwenye kalamu.

Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, alitoa hotuba katika hafla ya jarida la Essence ya kuwaenzi wanawake weusi wa Hollywood. Kwangu hotuba hii inaishinda ile ya Oscar kwa mbali. Alianza na barua aliyoandikiwa na msichana mmoja aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, kisha akamwona Lupita kwenye runinga, akaghairi. Halafu akasimulia yake: maombi ya usiku, kioo cha asubuhi, mpaka alipotokea Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, watu wakamwita mzuri. Akamtaja na mama yake, aliyekuwa akimwambia kwamba uzuri hauliwi. Yaani haukushibishi. Alisema hakumwelewa mama kwa miaka mingi.

Hotuba ile ndiyo iliyozaa Sulwe, kitabu cha watoto kilichotoka Oktoba 2019 kikiwa na michoro ya Vashti Harrison. Sulwe, nyota kwa Dholuo, ni mtoto mweusi kuliko wote nyumbani. Mama ana rangi ya alfajiri, baba ya magharibi, dada yake Mich ana rangi ya mchana kweupe. Sulwe anajaribu kujifuta kwa raba. Anajipaka vipodozi vya mama. Anakula vyakula vyeupe. Anasali. Ndipo nyota inamchukua na kumwonyesha hadithi ya ndugu wawili, Usiku na Mchana. Usiku aliondoka kwa sababu ya maneno ya watu, dunia ikabaki na jua lisilozama, watu wakashindwa kulala, mazao yakachoka, na Mchana akalazimika kwenda kumtafuta dada yake. Kiliingia kileleni kwenye orodha ya New York Times, michoro yake ikapata heshima ya Coretta Scott King, tuzo ya vitabu vya watoto vya Wamarekani weusi. Kuna toleo la Kiswahili pia, na la Dholuo. Msiishie kukisoma kwa Kiingereza.

Mwezi Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza liliichezea picha yake ya jalada, wakakata na kulainisha nywele zake asilia. Aliweka picha zote mbili hadharani, ya kwanza na ile iliyochezewa, akaeleza kwa utulivu kwa nini inauma. Jarida na mpiga picha wakaomba radhi. Kuna walioliona dogo. Wazazi wenye mabinti waliopelekwa kuwekwa dawa ya nywele wakiwa darasa la pili wanajua si dogo.

Na mwezi mmoja kabla ya hapo aliandika makala ndefu kwenye New York Times kuhusu Harvey Weinstein, mtayarishaji mkubwa wa filamu Hollywood. Ilikuwa 2011, bado mwanafunzi wa Yale, alipokutana naye Berlin. Baadaye akaalikwa nyumbani kwake kuangalia filamu pamoja na familia. Katikati ya filamu Weinstein akampeleka chumbani, akamwambia anataka kumkanda. Alichokiandika Lupita hapo ndicho kilichonifanya niisome mara mbili. Anasema aliharakisha kumwambia kwamba yeye Lupita ndiye atamkanda, kwa sababu hapo angalau angejua mikono ya yule mwanamume iko wapi. Weinstein alijibu kwamba anayakumbuka mambo kwa namna tofauti. Lakini wanawake waliosoma sentensi ile waliielewa bila mkalimani. Ile hesabu ya sekunde tatu kichwani, nikatae vipi nisimkasirishe, mlango uko wapi, nani yuko nje, wengi wameipiga ofisini, chuoni, kwenye teksi. Mimi sijawahi kuiona imeandikwa kwa uwazi kiasi kile.

La mwisho ni la juzi. Julai 2025 alitangaza kwamba mwaka 2014, mwaka uleule wa Oscar, aligundulika kuwa na fibroidi 30, uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Alifanyiwa upasuaji. Alipouliza afanye nini usirudi, akaambiwa hakuna, ni suala la muda tu utaota tena. Rudini sasa mkaitazame ile video ya usiku wa tuzo. Ameungana na wabunge wa Marekani kupeleka miswada ya kugharimia utafiti na elimu, na taasisi ya Foundation for Women's Health imeanzisha ruzuku ya utafiti yenye jina lake. Takwimu anazozitaja ni kwamba wanawake weusi 8 kati ya 10, na weupe 7 kati ya 10, huwa wameupata uvimbe huu kufikia miaka 50. Ugonjwa wa wengi kiasi hicho, na bado unanong'onwa.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

---

Mchangiaji wa kwanza

Uzi mzuri mkuu, ila tuseme ukweli wote. Huyu ni binti wa profesa, waziri, na sasa gavana wa Kisumu. Kusoma Hampshire na Yale si mchezo. Msichana wa kule kwetu mwenye kipaji hichohicho ataishia kuigiza kwenye mahafali ya darasa la saba. Hiyo kauli ya ndoto ni halali inasemwa na mtu ambaye ndoto yake ililipiwa ada.

---

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Ndiyo, nyumba ile ilikuwa na vitabu, pasi za kusafiria na uwezo wa kumpeleka binti wa miaka 16 Mexico akajifunze Kihispania. Baba yake alikuwa Waziri wa Huduma za Matibabu kati ya 2008 na 2013. Mama yake, Dorothy, anaongoza Africa Cancer Foundation. Hawa si watu wa kawaida.

Ila wapo watoto wengi wa mawaziri. Wengi tunawajua kwa magari yao. Ada ililipwa na wazazi, kuamua kwenda kuwasikiliza watu wenye ualbino badala ya kutengeneza filamu ya mapenzi ya watoto wa Lavington, mtaa wa matajiri Nairobi, kulikuwa kwake. Na kwenye suala la ngozi, ukubwa wa baba haukumsaidia chochote. Alikuwa mtoto wa mkubwa na bado alilala akiomba abadilishwe rangi. Kama yeye aliyekuwa na kila kitu alifikishwa hapo, fikiria anayekosa vyote.

Hapo kwenye kauli ya ndoto, nakubaliana nawe nusu. Imegeuzwa bango la kila hafla ya vijana mpaka imechakaa. Ndiyo maana nimewasihi tuangalie hotuba ya Essence. Pale hasemi mambo yatakuwa sawa. Anasema aliumia namna gani.

---

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa mweupe wa baba yake, mdogo mweusi wangu mimi. Tangu mdogo akiwa tumboni nasikia "Mungu akijalia achukue ya dada yake". Alipozaliwa, ndugu mmoja alimshika, akamgeuza masikio kuangalia atakuwa rangi gani. Wanawake humu mnajua masikio yanaangaliwa.

Tulinunua Sulwe. Mdogo ana miaka sita. Kilichomkaa hakikuwa kile nilichotarajia. Aliuliza kwa nini Usiku hakuambiwa pole na wale watu waliomsema, ni Mchana peke yake aliyeenda kumfuata. Nikakosa cha kumjibu. Dada yake mkubwa ndiye aliyejibu, akasema kwa sababu yule ni dada yake. Sasa hivi mdogo akisemwa, mkubwa ndiye anayesimama mbele. Kwangu kitabu kimekwisha kufanya kazi yake.

Na kuhusu mkorogo, jamani tusiusahau. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku miaka mingi na bado zinauzwa waziwazi, zinachanganywa kwenye vikopo, bibi harusi anaanza kujipaka miezi mitatu kabla. Hotuba moja haiwezi kushindana na soko lote hilo, lakini barua ya yule msichana aliyeghairi inaonyesha kwamba sura moja kwenye runinga inaweza kumzuia mmoja asinunue.

---

Mleta uzi

Dada, asante sana kwa hili. Nimelisoma swali la mwanao, nimelirudia. Ni kweli, ndani ya kitabu watu walioutukana Usiku wanaumia kwa kuukosa, wanaukaribisha tena, lakini mzigo wa kwenda kuutafuta unabebwa na ndugu. Nadhani Lupita aliandika alichokiona. Aliyemtoa yeye kwenye shimo alikuwa mwanamke mwingine mweusi, Alek Wek, ambaye hata hakujua kwamba yuko binti Nairobi anamwangalia.

---

Mchangiaji wa tatu

Swali la kiafya. Mtu mwenye pesa zake, madaktari wa Marekani, inakuwaje uvimbe unarudi? Dada yangu ana tatizo hilohilo, kila anayemshauri ana lake: mara amezaa kwa kuchelewa, mara ametupiwa, mara anywe majani fulani.

---

Mleta uzi

Pole kwa dada. Mimi si daktari, nitasema yale yanayofahamika tu.

Fibroidi ni vimbe zinazoota kwenye misuli ya mfuko wa uzazi. Kwa kawaida si saratani. Chanzo chake hasa hakijafahamika chote; homoni zina mchango, na kurithi kupo. Wengine wanakaa nazo bila kujua. Wengine wanatokwa na damu nyingi za hedhi mpaka wanaishiwa damu mwilini, tumbo linakua kama la mimba, wanabanwa na mkojo, wanaumia kiuno, na wengine wanapata shida ya kushika au kutunza ujauzito. Upasuaji wa kuondoa vimbe na kuuacha mfuko unasaidia, ila vimbe mpya zinaweza kuota kwenye mfuko huohuo. Kuondoa mfuko wote ndiko kunakomaliza kabisa, na hapo mwanamke hawezi kubeba mimba tena. Pesa za Lupita zisingeweza kununua tiba ambayo haijatafutwa. Ndicho anachopigania, utafiti wa matibabu yasiyomlazimisha mwanamke kuchagua kati ya maumivu na kizazi chake.

Hayo ya kutupiwa na ya kuchelewa kuzaa ndiyo yanayowafanya wanawake wakae kimya. Dada yako amwone daktari wa magonjwa ya wanawake, apigwe ultrasaundi, apimwe wingi wa damu. Akitokwa na damu hadi kizunguzungu asisubiri mwezi ujao.

---

Mchangiaji wa nne

Niko Nairobi. Nampenda, ni wetu, lakini nina lalamiko. Tangu In My Genes hajaongoza filamu nyingine ya kwetu. Miaka zaidi ya kumi na tano! Ile tamthilia ya Americanah ya HBO Max, ambayo Lupita angeigiza, tuliingoja, Danai Gurira akiandika, ikafa 2020 kwa sababu ya ratiba. The Woman King, filamu ya wanajeshi wanawake wa Dahomey, alitangazwa atakuwamo, akatoka. Sisi huku tuna Wanuri Kahiu aliyeifikisha Rafiki hadi Cannes 2018 huku nyumbani ikipigwa marufuku. Tuna Judy Kibinge anayewashika mkono watengenezaji wa filamu za hali halisi. Hao ndio wanaoangukia pua na kuinuka hapa. Lupita angekuja na jina lake, milango mingapi ingefunguka?

---

Mleta uzi

Hapa tuko pamoja, na ndiyo huzuni yangu kubwa juu yake. Muongozaji aliyekuwa anachipuka mwaka 2009 alimezwa na mwigizaji. Naelewa ilivyotokea, Oscar inakupa mikataba ya miaka mingi na kila mtu anataka uso wako. Lakini jicho lile la In My Genes, la kumwacha mtu aseme bila kumhurumia, lilikuwa adimu, na sijaliona tena likiwa mikononi mwake mwenyewe.

Niongeze mambo mawili kwa haki. Kuhusu Woman King, mwaka 2019 alikwenda Benin kutengeneza makala ya runinga ya Uingereza, Channel 4, iitwayo Warrior Women kuhusu wanajeshi wanawake wa Dahomey, ufalme wa zamani wa huko, waliowavutia sana watengenezaji wa Black Panther. Alikwenda akiwatafuta mashujaa, akakutana pia na habari za watu waliotekwa na jeshi lile na kuuzwa utumwani. Mtu aliyemcheza Patsey akisikiliza hayo, unaona uso wake unavyobadilika. Hakulificha hilo ili wanawake wale wabaki safi. Kumtetea mwanamke kwa namna hiyo, na madhambi yake yakiwa wazi mezani, ndiko ninakokuheshimu.

La pili, The 355 ya 2022. Kama filamu si nzuri, nasema wazi. Ila Jessica Chastain, Lupita, Penélope Cruz, Fan Bingbing na Marion Cotillard, ambaye nafasi yake ilichukuliwa baadaye na Diane Kruger, waliingia wakiwa wamiliki wa hisa, wakaenda Cannes 2018 kuiuza wenyewe kwa wasambazaji. Wanawake watano wenye majina wakagawana umiliki badala ya kugombea nani alipwe zaidi. Wasanii wetu wa kike wanaolipwa posho ya siku na kuachiwa umaarufu mtupu waitazame ile karatasi ya mkataba kuliko filamu.

---

Mchangiaji wa tano

Mkuu, mimi nimemwona kwenye Black Panther tu. Kwa anayetaka kumjua kama ulivyomweleza, aanze na ipi?

---

Mleta uzi

Anza na Queen of Katwe, ya 2016, ya Mira Nair. Watu wanaiona kama filamu ya chesi na ya binti Phiona Mutesi, na ni sawa. Wewe mwangalie mama, Nakku Harriet. Mjane wa Kampala, anauza mahindi, ana watoto anaoogopa kuwapoteza, na binti yake mkubwa tayari ameondoka na mwanamume mwenye pikipiki. Anapoambiwa kwamba mtoto wake ana kipaji anakunja uso. Ameshaona ahadi za watu zinakokwisha, na hana nafasi ya kukosea tena. Lupita alikuwa na miaka thelathini na kidogo alipoicheza, na mgongo wake tu unakwambia yule mama ameamka saa ngapi. Wala hakuna kilio kikubwa.

Ukimaliza hiyo, Us ya Jordan Peele, 2019, ambamo amecheza wanawake wawili kwa mpigo, mmoja yuko juu ya ardhi na mwingine amesahauliwa chini. Iangalie mchana kama una moyo mwepesi. The Wild Robot ya 2024 unaweza kukaa na watoto. Anatoa sauti ya roboti anayelea kifaranga cha bata bukini na kujifunza umama bila kufundishwa na yeyote. 12 Years a Slave iache ya mwisho, na usiangalie peke yako.

In My Genes ukiipata popote, mdau, weka taarifa hapa. Wengi tunaitafuta.